Sally Falk Moore

Sally Falk Moore (New York, 18 Januari 1924 – 2 Mei 2021) alikuwa mwanaanthropolojia na mwanasheria kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya ardhi, urithi na sheria ya kimila kati ya Wachagga wa mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania.

== Maisha ==
Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1945. Baada ya muda mfupi wa kazi ya uwakili alikwenda Ujerumani kushiriki upande wa mashtaka katika kesi za Nuremberg. Aliporudi aligeukia anthropolojia, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1957. Alifundisha katika vyuo vikuu vya California, na kuanzia 1981 Harvard.

== Utafiti Kilimanjaro ==
Alifika Kilimanjaro mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, akaendelea kurudi kwa miaka mingi. Alisoma majalada ya mahakama za mwanzo, lakini pia alifuatilia ugomvi uliomalizwa nyumbani, mbele ya wazee wa ukoo au balozi wa nyumba kumi, bila kufika mahakamani.

Kiini cha ugomvi mwingi kilikuwa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hutengewa sehemu yake, na kitinda mimba hubaki kwenye kihamba cha baba. Wa katikati zamani waliweza kufungua shamba mahali pengine. Kahawa ilipoipa ardhi thamani na watu walipoongezeka, nafasi hiyo ilikwisha. Katika makala ya mwaka 1975 Moore alionyesha jinsi ndugu wanaochinja na kugawana nyama pamoja walivyoweza, kwa shutuma za uchawi na madai ya zamani, kumsukuma mmoja wao nje. Umaskini wa mtu huyo haukutokana na uvivu: ardhi haikuwatosha wote, hivyo lazima mmoja akose.

Jambo hili liligusa sera moja kwa moja. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta umiliki binafsi wa kudumu wa ardhi, na utawala wa machifu ulikomeshwa pia. Hata hivyo vihamba viliendelea kurithiwa kutoka baba kwa mwana. Moore alieleza kwamba sheria kutoka juu haiingii mahali patupu. Inakuta ukoo, majirani na madeni ya mahari au ya ng'ombe, ambavyo vina kanuni zake na njia zake za kuwabana watu. Katika makala maarufu ya 1973 alilinganisha ukoo wa Kichagga na biashara ya ushonaji nguo ya New York, ulinganisho unaoshangaza mwanzoni lakini unaofaa.

== Vitabu ==
Kitabu chake kikuu, ''Social Facts and Fabrications'' (1986), kinafuata sheria ya kimila ya Kilimanjaro tangu 1880 hadi 1980. Kinapinga wazo kwamba "mila" ni kitu cha kale kisichobadilika: machifu, mahakama za kikoloni na kilimo cha kahawa vyote viliigeuza, ingawa jina lilibaki lilelile. Msomaji asiye na mazoea na sheria anaweza kuanza na sura za ukoo mmoja mmoja.

Mwaka 1999 alipewa Medali ya Huxley ya Uingereza. Alifariki akiwa na umri wa miaka 97.