Super VC10 Mezani: Tuandike Herufi za Nchi Gani?

Leo naomba tuache kidogo mambo ya PHP na hifadhidata. Nataka kuwasimulia jinsi boksi moja la plastiki lilivyotuingiza katika historia ya Afrika Mashariki, hapa kwetu Malaba, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Uganda.

Ilianza shule zilipofungwa. Kijana wangu wa miaka 12 aliomba nimnunulie modeli ya ndege ya jeti, zile zinazokuja vipande vipande unaziunganisha mwenyewe kwa gundi. Binamu yake kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, angekuja waijenge pamoja. Nikawaambia sawa, ila kwa sharti moja: isiwe ndege ya sinema. Iwe ndege iliyowahi kuwa yetu au kutua kwetu.

Kwa wasiojua mambo ya modeli, jambo la kwanza ni skeli. Skeli ya 1/72 maana yake modeli ni ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Kwa ndege za kivita hiyo inafaa, maana MiG-21 inakuwa na urefu wa kama sentimita 20. Ndege za abiria kwa kawaida hutengenezwa kwa 1/144, la sivyo hazitaenea juu ya kabati la TV.

Jambo la pili ni kuchagua ndege, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Binamu wa Tororo alitaka MiG-21 ya Uganda ya wakati wa Idi Amin. Kijana wangu akasema basi yeye anataka F-5 ya jeshi la anga la Kenya. Mimi niliona ni mchezo wa watoto tu. Babu yao, yaani baba yangu, alikuwa amekaa pembeni na redio yake. Akaizima.

"Hizo mbili hazilali ndani ya nyumba hii," akasema.

Vijana walishangaa, ikabidi nieleze. Mpaka mwaka 1902 sehemu hii yetu, Busia na Malaba zote, ilikuwa Uganda. Mpaka wa Uganda ulifika hadi pande za Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walilihamisha jimbo zima la mashariki likawa upande wa pili, ile nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Ndiyo maana Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, na ndiyo maana kuna Busia mbili na Malaba mbili. Februari 1976 Amin alisimama akadai ardhi hiyo ni ya Uganda. Julai mwaka huohuo makomandoo wa Israeli walivamia uwanja wa Entebbe kuwaokoa mateka, wakaziharibu MiG za Amin zikiwa zimeegeshwa. Ndege zao zilijaza mafuta Nairobi, na Wakenya waliokuwa Uganda wakalipizwa kisasi. Wako waliouawa, na wako waliovuka mpaka mbio wakiacha kila kitu. F-5 za Kenya zilifika 1978, na ziliagizwa katika joto hilohilo. Kwa hiyo mkiweka MiG na F-5 kwenye meza moja, mnarudisha mwaka ambao babu yenu hataki kuuona tena.

Nikapendekeza tutafute ndege ya abiria. Ya kwanza kufikiriwa ilikuwa de Havilland Comet. Tarehe 2 Mei 1952 Comet yenye usajili G-ALYP ilianza safari ya kwanza ya abiria ya jeti duniani, London kwenda Johannesburg, na moja ya vituo vyake njiani ilikuwa Entebbe! Yaani Entebbe ilipata huduma ya safari za abiria za jeti kabla ya New York. Baadaye, kuanzia 1960, shirika letu la East African Airways lilikuwa na Comet 4 zake tatu. Lakini ukinunua modeli angalia namba vizuri. Airfix ya Uingereza iliwahi kutoa Comet 4B, na hiyo si ile yetu. 4B ilirefushwa mwili na kufupishwa mabawa. Ni kama programu mbili zenye jina moja na toleo tofauti: ukisakinisha isiyo yako, itafunguka lakini haitafanya kazi unayotaka.

Mwisho tukakubaliana Super VC10, nayo East African Airways ilikuwa nazo tano, kuanzia 1966 hadi 1970. Ni ndege iliyobuniwa kwa ajili ya viwanja kama vyetu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na juani hewa huwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na mabawa hupungukiwa hewa ya kubeba ndege. Vickers waliweka injini zote nne za Rolls-Royce Conway mkiani. Bawa likabaki safi, likajazwa vifaa vya kuongeza uwezo wa kupaa, na ndege ikaondoka katika viwanja vilivyoisumbua Boeing 707.

Airfix walitoa Super VC10 ya 1/144 tangu miaka ya 1960, na Roden wa Ukraine walitoa nyingine baadaye, ikiwemo yenye alama za East African Airways. Urefu ni kama sentimita 36. Ukipata boksi la ndege ya BOAC, kumbuka kwamba zetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto mbele, inabidi uuchore mwenyewe kwa ncha ya sindano. Na kwa kuwa uzito uko mkiani, modeli hukalia mkia kama mbwa. Weka uzito puani kabla ya kufunga mwili. Sisi tulitumia vipande vya risasi ambavyo wavuvi wa Port Victoria hufunga kwenye nyavu.

Tukadhani ugomvi umekwisha. Siku ya kuweka stika, zile za kuloweka majini, ukarudi. Ndege lazima iandikwe usajili. Herufi za mwanzo zinaonyesha nchi, kama vile .ke, .ug na .tz kwenye anwani za tovuti: 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania. Mmoja akashika 5X, mwingine akashika 5Y.

Nikafungua kompyuta nikawaonyesha orodha ya ndege zote tano:

5X-UVA
5H-MMT
5Y-ADA
5X-UVJ
5H-MOG

Hesabuni wenyewe. Mbili za Uganda, mbili za Tanzania, moja ya Kenya. Makao makuu ya shirika yalikuwa Nairobi, lakini Kenya iliandikiwa moja tu. Hata zile Comet tatu, baada ya uhuru kila moja ilipewa herufi za nchi yake. Wazee wetu walijitahidi kugawana.

Babu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na walipogombana, kila mtu alichukua yake?"

Hapana. Tarehe 18 Aprili 1972 5X-UVA ilishindwa kusimama ilipokatiza kuruka Addis Ababa. Watu 43 walikufa. Zikabaki nne. Nchi zikaendelea kubishana nani alipe nini na fedha zibaki wapi, na mapema 1977 shirika likasimama. Kenya Airways ikaanza, Air Tanzania ikaanza, Uganda Airlines nayo. Mwaka huohuo Jumuiya ikavunjika. Super VC10 zote nne zilirudi kwa watengenezaji Uingereza. Hakuna nchi hata moja kati ya tatu iliyobaki na ndege yenye herufi zake.

Jeshi la anga la Uingereza likazinunua, likazigeuza kuwa matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani, likazipa namba ZA147 hadi ZA150. ZA147 ndiyo ile 5H-MMT yetu. Tarehe 25 Septemba 2013 ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 duniani. Miaka 36 baada ya sisi kushindwa kukaa pamoja, ndege yetu ilikuwa bado nzima, inafanya kazi ya wengine.

Baba alinyamaza kidogo. Mwaka 1977 alikuwa Tororo, mfanyakazi wa moja ya mashirika ya Jumuiya. Alivuka kurudi Malaba na sanduku moja la mbao. Akatuambia kwamba kazini hakuna aliyejua samani ipi ni ya Kenya na ipi ni ya Uganda hadi siku walipoanza kuzigawa. "Kugawa herufi ni rahisi," akasema. "Deni na malipo ya wazee ndiyo hayagawanyiki."

Sisi watu wa kompyuta tunalijua jambo hili. Watu watatu wanaweza kumiliki mfumo mmoja kila mtu na jina lake kwenye skrini, lakini kama hamjaandika nani analipia seva na nini kitatokea mkitengana, siku ya ugomvi mfumo wote unazimika. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini 1999 ukaanza kazi 2000. Hapa kwetu matunda tunayaona: tangu vituo vya pamoja vya Malaba na Busia vianze, unakaguliwa upande unaoingia tu. Lakini ndege kila nchi bado ina zake.

Basi stika zetu ziliishia hivi. Nilichora herufi kwenye kompyuta, nikazichapa kwenye karatasi maalum ya stika, nikazipulizia vanishi ya kung'aa zisiyeyuke majini. Kijana wa Malaba akaandika ndege yake 5X-UVJ. Binamu wa Tororo nimemwagizia boksi la pili, naye ataandika 5Y-ADA. Kila mmoja atatunza ndege ya mwenzake. Babu amesema akifa kabla ya kuona 5H-MOG, ile VC10 ya mwisho kutengenezwa, atatudai.

Kwa hiyo natafuta boksi la tatu. Haya, tukutane tena, na safari ijayo nitarudi kwenye hifadhidata.