Chai Kongwe ya Pu'er: Kutoka Mgongo wa Nyumbu hadi Kikombe cha Mwonjaji

Chai ya Pu'er hutoka jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, jirani na Myanmar na Laos. Hushindiliwa ikawa mikate ya duara, kisha huweza kuwekwa miaka kumi, ishirini au hata zaidi ya hamsini kabla ya kunywewa. Jina limetokana na mji wa kale wa Pu'er, ambako ilikusanywa, ikatozwa ushuru na kuuzwa kwa wenye misafara. Michai yenyewe ilikuwa mbali, milimani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kahawa ya Yemen, iliyovuma duniani kwa jina la bandari ya Mocha ingawa mibuni ilikuwa bara.

Mmea wake ni mchai wa majani mapana, Camellia sinensis aina ya assamica, ambao pia umeenea katika mashamba ya Kericho na Mufindi. Afrika Mashariki mchai hupogolewa ubaki kimo cha kiuno. Katika misitu ya chai ya Yunnan, michai mingi imeachwa ikue kuwa miti kamili, na mchumaji hulazimika kuikwea. Eneo lililopata sifa mapema ni Xishuangbanna, hasa milima sita iliyo karibu na mto Mekong, ikiwemo Yiwu, Yibang na Youle. Watunzaji wa miti hiyo tangu zamani ni jamii za milimani, wakiwemo Wabulang, Wahani na Wajino.

Mwaka 1729 dola ya Qing iliunda utawala wa Pu'er ili kuishika biashara hiyo, na chai bora ikawa miongoni mwa tunu zilizopelekwa kwa mfalme huko Beijing. Kanuni ya mwaka 1735 iliwataka wafanyabiashara wafunge mikate saba katika kila furushi. Desturi hiyo haijafa: siku hizi mkate wa kawaida una gramu 357, saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mianzi na kufikia kilo 2.5, na mafurushi 12 hujaza kapu la mikate 84, kilo 30 hivi. Nyumbu alibeba makapu mawili, moja kila ubavu.

Umbo la mkate lilitokana na safari. Majani yasiyoshindiliwa hula nafasi na husagika njiani, na njia zenyewe zilikuwa ndefu: moja ilipanda kaskazini-magharibi hadi Lhasa, ambako Watibeti hunywa chai na siagi na chumvi, na nyingine zilishuka kusini kuelekea Laos na Vietnam. Misafara ilitembea miezi mingi, ikipita mabonde yenye joto na unyevu na milima yenye baridi kali. Chai iliyofika haikuwa na ladha ile ile iliyoondoka nayo. Kuzeeka huko kulikuwa tokeo la safari, si lengo la mtengenezaji.

Kwamba chai hii inazeeka badala ya kuharibika, siri imo katika utengenezaji wake. Majani yaliyochumwa huachwa yanyauke kidogo, kisha hukaangwa ndani ya karai kubwa kwa moto usio mkali kama ule wa chai ya kijani ya kawaida, ili baadhi ya vimeng'enya vyake visife. Baadaye hufikichwa kwa mikono na kuanikwa juani. Wakati wa kushindilia, majani makavu hupimwa ndani ya kopo la bati lenye tundu chini na kuwekwa juu ya mvuke kwa sekunde chache mpaka yalainike. Humiminwa katika mfuko wa kitambaa, mdomo wa mfuko husokotwa, na fundo lake husukumwa katikati. Kisha mtu husimama juu ya jiwe zito lililokalia mfuko huo na kulitikisa kwa miguu, huku na huku, mpaka mkate ushikamane. Kishimo kilicho nyuma ya kila mkate wa Pu'er ni alama ya fundo hilo.

Mkate mpya wa namna hiyo huitwa kwa Kichina sheng, yaani mbichi. Maji yake ni ya manjano, una uchungu, na ukakasi wake hukaza ulimi kama ndizi isiyoiva. Miaka inavyopita, hewa, joto, unyevu na vijidudu hubadili kemikali zinazoleta ukakasi huo. Rangi ya maji husogea kutoka manjano hadi ya chungwa, kisha nyekundu ya kahawia. Uchungu hupungua, na harufu ya majani hugeuka kuwa ya mbao, ya udongo mkavu, au ya karafuu maiti.

Waliofanya kuzeeka kuwe kazi ya makusudi hawakuwa wakulima wa Yunnan bali wafanyabiashara wa Hong Kong. Katika migahawa ya Wakantoni, Pu'er ilikuwa chai ya kila siku, ikinywewa pamoja na vitafunio vya mvuke kwa sababu hukata mafuta mdomoni. Haikuwa anasa. Mteja wa mgahawani hakutaka ukakasi wa chai mpya, na mwenye mgahawa hakuweza kungoja miaka thelathini. Wenye maghala waliweka chai kwanza katika vyumba vya chini vyenye unyevu ili igeuke haraka, kisha wakaihamishia sehemu kavu ili uvundo utoke. Ladha ambayo wengi waliijua kuwa ya chai kongwe ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ladha ya maghala hayo.

Chai yenyewe ilikuwa ya vizazi tofauti, na waonjaji wa leo bado huigawa hivyo. Ya zamani zaidi ni ya nyumba binafsi za biashara za Yiwu, kama Tongqing, zilizositawi mpaka nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mikate yao haikufungwa karatasi mmoja mmoja. Jina la nyumba lilichapwa kwenye kikaratasi kilichoshindiliwa ndani ya majani. Baadaye vikaja viwanda: kile cha Menghai, kilichoanzishwa mwaka 1940, na cha Xiaguan kilichofuata mwaka 1941. Baada ya mwaka 1949 biashara yote iliingia mikononi mwa dola, na karatasi ya nje ikabeba nembo moja: herufi nane zenye maana ya "katikati", yaani China, zikizunguka herufi moja ya "chai". Rangi ya herufi hiyo ya kati ndiyo iliyozipa chai za kipindi hicho majina: Alama Nyekundu, Alama ya Kijani, Alama ya Manjano.

Mahitaji ya Hong Kong ndiyo yaliyozaa aina ya pili ya Pu'er. Mwaka 1973 wataalamu kutoka Yunnan walikwenda Guangdong kujifunza namna ya kuharakisha kuiva kwa chai, na waliporudi waliiboresha mbinu hiyo katika viwanda vya Kunming na Menghai. Majani hurundikwa kwa wingi, hunyunyizwa maji, hufunikwa kwa vitambaa na kugeuzwa mara kwa mara. Ndani ya rundo vijidudu huzaliana na joto hupanda kupita nyuzi 50. Baada ya wiki sita au nane chai huwa nyeusi na laini. Msomaji wa Kiswahili anayo tayari picha ya kazi hiyo: ni kuvundika, kama ndizi zinavyovundikwa ziive kabla ya siku zake. Chai hiyo huitwa shu, iliyoiva. Ilikusudiwa kuiga ladha ya ukongwe, lakini ikawa aina kamili yenye sifa zake: nzito, tamu, isiyo na uchungu, ila isiyo na mageuzi mengi kikombeni.

Tangu mwaka 1976 chai za kuuzwa nje zilipewa namba. Katika namba 7542, tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa mchanganyiko, yaani 1975. Ya tatu ni daraja la majani. Ya mwisho ni kiwanda, na 2 ni Menghai. Wanunuzi wengi wamedanganyika hapa, kwa kuwa 75 haisemi mwaka ambao mkate ulitengenezwa. Mkate wa 7542 unaweza kuwa wa mwaka 1979 au wa 2009.

Kulinganisha chai kongwe kama taaluma kulianza Taiwan. Katika miaka ya 1980 na 1990, migahawa na wafanyabiashara wa Hong Kong walipouza akiba zao, wakusanyaji wa Taiwan walinunua mikate ambayo hapo awali ilikuwa chai ya mezani tu. Mwaka 1995 mwandishi Deng Shihai alichapisha kitabu kilichoipanga mikate hiyo kwa nyumba, kiwanda na kipindi, na kuzipa ladha zake msamiati. Toka hapo wakusanyaji walianza kubishania kama ghala bora ni lenye unyevu au kavu. Mikate ya 7542 ya mwaka 1989 hadi 1991 iliyowekwa Hong Kong penye ukavu, maarufu kwa jina la Qing ya 88 ingawa si ya mwaka 1988, ikawa kielelezo cha wale waliodai kwamba unyevu mwingi huficha jani.

Namna ya kuonja imejengwa juu ya ubishi huo. Gramu saba au nane za chai hutiwa katika kikombe chenye kifuniko, cha mililita 100 hivi, na maji yanayochemka. Maji ya kwanza humwagwa, kwani huosha vumbi na kulifungua jani. Yanayofuata huachwa sekunde chache tu, na chai nzuri huvumilia kumiminiwa maji mara kumi na zaidi. Kwa kulinganisha, vikombe viwili huandaliwa sambamba, kwa uzito mmoja na muda mmoja.

Chukua mikate miwili ya 7542 ya mwaka mmoja, mmoja uliokaa Hong Kong, mwingine Kunming, mji mkavu ulioko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Wa Hong Kong hutoa maji mekundu mapema, yenye harufu ya mbao na ghala, na hupita kooni kwa ulaini. Wa Kunming bado una rangi ya chungwa, una harufu kali na mabaki ya uchungu, lakini baada ya kumeza utamu hurudi kooni na kukaa muda mrefu. Hatimaye makapi hutandazwa kwenye sahani. Jani lililozeeka taratibu hukunjuka likavutika kama ngozi. Lililolowana kupita kiasi huwa jeusi na husagika kati ya vidole.

Bei nazo zilipanda mpaka majira ya kuchipua ya mwaka 2007, mwaka uleule ambao mji mwingine, Simao, ulibadilishiwa jina ukawa Pu'er. Miezi michache baadaye soko liliporomoka, na wengi waliohodhi mikate mipya walipata hasara kubwa. Kiwango cha taifa cha mwaka 2008 kiliamua kwamba jina la Pu'er ni la chai ya majani mapana ya Yunnan, iliyoanikwa juani na kutengenezwa humo humo. Mwaka 2023 misitu ya kale ya chai ya mlima Jingmai iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Siku hizi karatasi za mikate huchapwa tarehe ya kutengenezwa. Za zamani hazina, na karatasi halisi yaweza kufunga mkate wa bandia. Kwa mikate hiyo umri huamuliwa kwa kulinganisha: aina ya karatasi na wino, kikaratasi kilichozama ndani ya majani, rangi ya maji, koo la mwonjaji, na makapi yaliyotandazwa sahanini.