Land Rover kuukuu: Kutu huanzia ndani, puti huificha tu

Mavuno yakishauzwa, wengi vijijini hutafuta gari la kubebea mazao, na mara nyingi linalopatikana kwa bei ya kuzungumzika ni Land Rover ya zamani. Ikishapigwa rangi mpya inapendeza. Lakini bodi inayong'aa inaweza kuwa imekaa juu ya chesisi iliyooza, na chesisi ndiyo inayobeba springi, magunia na watu. Katika makala hii tunaeleza mahali kutu inapojificha, kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya nyumbani, na ile ambayo ni ya fundi wa kuchomelea.

Tumechukua mfano wa Land Rover Series III, zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, zile fupi za 88 na ndefu za 109. Kanuni zake zinafaa pia kwa pikapu nyingine za zamani.

Nguo ya alumini, mifupa ya chuma

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma mwaka 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgawo, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Anaona madigadi na boneti ni nzima, anadhani gari zima ni zima.

Sehemu za chuma ziko chini na ndani. Ya kwanza ni chesisi. Ya pili ni ukuta unaotenganisha injini na dereva, ambao ndio unaoshika bawaba za milango ya mbele. Ya tatu ni fremu za milango, zilizofunikwa na alumini kwa nje.

Chesisi yenyewe ni kama bomba la pembe nne, tupu ndani, lililoundwa kwa bati la chuma lenye unene wa takriban milimita 2. Maji na tope huingia kupitia matundu yake na kukaa humo. Tope la zizini lililochanganyika na samadi, mabaki ya mbolea ya dukani, chumvi ya mifugo na hewa ya bahari kwa wanaoishi pwani, vyote huharakisha kutu. Chuma huliwa kutoka ndani, na tundu linapoonekana nje, kazi ya kutu imeshafanyika siku nyingi. Ajabu ni kwamba mahali injini inapovujisha oili, mara nyingi chesisi huwa nzima kuliko sehemu nyingine.

Kuna jambo lingine. Alumini inapogusana na chuma huku kuna unyevu, alumini ndiyo huliwa na kugeuka unga mweupe. Ukiuona unga huo kwenye maungio, ujue rangi iliyokuwa kati ya madini hayo mawili imekwisha.

Kagua kwa nyundo kabla ya kulipa

Osha gari kwa chini, liache likauke, kisha pita na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti nzito, iliyofifia. Ikisikika hivyo, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, chuma hakipo tena.

Kagua zaidi mahali hapa: boriti ya mwisho nyuma, mikono inayotoka pembeni mwa chesisi kushika bodi, vishikio vya springi, boriti ya mbele ulipo usukani, sakafu chini ya miguu ya dereva, na miguu ya nguzo za milango. Fungua mlango wa mbele na uunyanyue kwa mkono. Ukicheza pamoja na nguzo yake, tatizo linaweza kuwa ni zaidi ya bawaba.

Tafuta pia namba ya chesisi na uilinganishe na kadi ya gari. Kwenye Series III hupigwa kwenye chuma upande wa mbele kulia, karibu na kishikio cha springi. Usiisage wala kuikata. Kwa wasikilizaji wa Tanzania, ukitaka kubadilisha chesisi nzima, fika kwanza ofisi ya TRA uulize utaratibu.

Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima

Kiraka hakishiki kwenye chuma kilichokwisha. Ukichomelea bati jipya juu ya kutu, moto wenyewe hutoboa, na kutu iliyobaki chini ya kiraka huendelea kula. Kata hadi uone chuma cheupe, kisha safisha pembezoni kiasi cha sentimita 3 kuzunguka tundu.

Kwa chesisi tumia bati jipya la chuma la milimita 2, na kwa sakafu milimita 1 au zaidi kidogo. Usitumie bati la kuezekea. Ni jembamba, na limepakwa zinki ambayo ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na maumivu ya kifua. Zungushia pembe za kiraka, maana pembe kali ndipo ufa unapoanzia.

Kabla ya kukata, weka gari kwenye magogo imara au stendi za chuma, mahali pa sawa. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Pima umbali kati ya sehemu mbalimbali na uandike. Kata na urudishe mkono mmoja wa chesisi kwa wakati mmoja. Ukikata kadhaa kwa pamoja, bodi hushuka na milango haitafunga tena.

Mwambie fundi ashike kiraka kwa nukta nukta kwanza, akirukia upande huu na ule, ndipo ajaze. Joto likikaa mahali pamoja, bati hupinda. Kwa mashine ya vijiti, vijiti vyembamba vya milimita 2 au 2.5 ndivyo vinavyofaa kwa bati hili.

Kusafisha, kukata mabati kwa vipimo, kusugua na kupaka rangi unaweza kufanya mwenyewe. Kuchomelea chesisi, vishikio vya springi na sehemu ya usukani mwachie fundi mwenye uzoefu. Hapo kosa haliishii kwenye sura ya gari, linaweza kuondoa maisha.

Puti haibebi mzigo

Puti ni ya kusawazisha uso wa bodi tu. Haizibi tundu na haina nguvu yoyote. Tena hunyonya maji kama sifongo, kwa hiyo ukijaza tundu la kutu kwa puti, unakuwa umehifadhi unyevu pale pale. Ipake juu ya chuma kisafi, kikavu na kilichokwaruzwa, na isizidi unene wa milimita 3. Kigumisha huwekwa kidogo sana, kwa kawaida gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti, lakini soma maelezo ya kopo lako. Changanya kiasi unachoweza kumaliza kwa dakika chache.

Sugua kwa msasa namba 80, kisha 180, umalizie na 320 kabla ya rangi. Usisugue puti kwa maji. Paka praima siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma kitupu kikilala na umande wa usiku huanza kushika kutu upya.

Bonde kwenye alumini na kipande cha sabuni

Alumini iliyogongwa mara nyingi huwa ngumu na hupasuka. Mafundi huilainisha kwa moto, lakini yenyewe haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, hivyo ni rahisi kuiharibu. Njia ya zamani ni kuipaka sabuni ya mche. Pasha moto taratibu kutoka upande wa pili, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, acha. Ikipoa, gonga kwa nyundo ya mti ukiwa umeweka mfuko wa mchanga nyuma.

Tundu kwenye alumini halichomelewi kwa vijiti vya chuma. Kata kipande cha alumini, kifunge kwa riveti za alumini, na upake gundi ya kuzuia maji katikati. Brashi ya waya uliyosugulia chuma usiitumie kwenye alumini, maana huacha chembe za chuma. Paka praima ya alumini, na kila inapokutana na chuma, weka rangi au mpira katikati.

Linda ndani

Baada ya kazi ya moto, zibua matundu ya kutolea maji chini ya chesisi na milango. Kisha nyunyizia ndani nta ya chesisi au oili safi nzito kupitia matundu hayo. Oili chafu ya injini wengi huimwaga bure, lakini ina uchafu unaodhuru ngozi, huharibu mipira ya gari, na ikidondoka huingia kwenye udongo na visima.

Tahadhari wakati wa kazi

Toa tenki la petroli kabisa na uliweke mbali. Kwenye gari hizi huwa liko chini ya kiti cha mbele au nyuma, na hata likiwa tupu, mvuke wake hulipuka. Ondoa nyaya za betri. Weka ndoo ya mchanga karibu, na mkimaliza kuchomelea angalieni kwa nusu saa kama hakuna kinachofuka. Vaa ngao ya macho, na waondoe watoto: mwanga wa kuchomelea huunguza macho hata ya anayetazama kwa mbali. Vumbi la rangi za zamani linaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo vaa barakoa na usisugue karibu na jiko, chakula au mifugo.

Wakati wa kuacha

Ikiwa chesisi imeoza pande zote mbili mahali pamoja, au viraka vimebebana kiraka juu ya kiraka, ushauri wetu ni usinunue gari hilo kwa ajili ya kubeba watu. Bei ya chesisi nyingine nzima pamoja na ufundi inaweza kuzidi bei ya gari. Lakini kama kutu iko kwenye mikono, boriti ya nyuma na sakafu tu, kazi inawezekana. Anza na chesisi, fuata ukuta wa mbele, kisha milango, na rangi iwe ya mwisho. Kila masika yakipita, osha chini ya gari, zibua matundu, na upite tena na nyundo.