Besi ni ya nani? Historia fupi ya nyuzi nne, kutoka Katanga hadi Kampala

 

Mwezi huu tunaandika juu ya gitaa la besi, na sababu ipo. Sisi tuko na besi moja tu. Ni ya mtumba, ina nyuzi nne na rangi imebanduka. Mwenzetu anayeipiga alituonyesha kwenye simu besi ya nyuzi tano iliyotengenezwa kwa mkono Marekani. Mtu fulani wa mtandaoni alimwambia atume arabuni ya shilingi 600,000, halafu besi itakuja. Hizo pesa ni mtaji wa vitenge wa mama yake. Mwenzetu akasema tuuze ya zamani na tumwongezee. Kelele zikaanza! Ndiyo tukakubaliana: kabla ya kuamua, tujue kwanza hii besi imetoka wapi.

Kwetu, besi ilianza kwenye kidole gumba. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipita Katanga akamrekodi Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Bosco alikuwa na gitaa kavu moja. Gumba lilipiga nyuzi nene za chini, kidole kingine kikacheza sauti za juu. Ukimsikiliza unaweza kudhani wako watu wawili. Huko upande wa Zambia na Malawi watu walikuwa na babatoni, besi ya uzi mmoja inayotengenezwa kwa boksi au debe kubwa. Kwa hiyo besi ya kutengenezwa kwa mkono si jambo geni kwetu. Fundi alikuwa jirani yako.

Wakati huohuo Marekani, mwaka 1951, Leo Fender alitoa Precision Bass huko California. Kabla ya hapo, mpiga besi wa bendi alibeba dude kubwa kuliko yeye mwenyewe, na sauti yake ilimezwa na ngoma. Besi ya umeme unaivaa shingoni kama gitaa, unachomeka kwenye spika, basi. Ilipoingia muziki wa Kongo, ile kazi ya gumba ikapata mtu wake. Wapiga solo wanasifiwa, lakini sebene ikianza ni besi na ngoma ndizo zinazoinua watu kwenye viti. Msikilize Decca Mpudi ndani ya TPOK Jazz ya Franco, au Ngouma Lokito wa Soukous Stars. Besi ikinyamaza, wachezaji wanapoteza miguu.

Sasa Kampala. Wengi wetu tunadhani sisi ndio Wakongo wa kwanza kuja hapa na muziki. Hapana. Mwaka 1975 Samba Mapangala alitoka Kinshasa akaja Uganda na kundi lake likaitwa Les Kinois. Mwaka huohuo Moses Matovu na wenzake walianzisha Afrigo Band hapahapa Kampala. Mzee Makassy naye alikuwa na bendi yake hapa Uganda. Lakini ulikuwa wakati wa Idi Amin. Wahindi walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, bidhaa za nje zikawa adimu. Fikiria kutafuta nyuzi za besi wakati hata sukari ni shida. Makassy na watu wake walihamia Dar es Salaam, na mwaka 1978 Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, akajiunga nao. Mapangala alienda Nairobi mwaka 1977, na mwaka 1981 akaanzisha Virunga.

Kuna jambo moja ambalo lilitugusa sana. Zamani katika bendi nyingi za Afrika Mashariki, vyombo havikuwa vya wanamuziki. Vilikuwa vya mwenye baa, mfanyabiashara, chama au shirika. Kule Tanzania, NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Ukigombana na bosi, unatoka na mikono mitupu. Tulipofika hapo, mwenzetu aliinamisha kichwa. Sisi pia tulishapiga mahali ambapo vyombo havikuwa vyetu. Siku palipotokea ugomvi, mlango ulifungwa na tukabaki tukipiga makofi. Ndiyo maana anataka besi yake mwenyewe. Hatumcheki.

Na hizo besi za bei kali? Kampuni ya Alembic ilianza California mwaka 1969, na Stanley Clarke akaipa jina. Fodera ilianza Brooklyn mwaka 1983. Mafundi ni wachache, mbao zinachaguliwa moja moja, na bei ni maelfu ya dola. Richard Bona wa Kameruni amejulikana kwa kupiga Fodera. Lakini huyo Bona, utotoni kijijini, alijitengenezea gitaa kwa tangi kuukuu la pikipiki. Vidole vilitangulia, Fodera ikafuata.

Tena, besi za Warwick za Ujerumani zimejulikana kwa shingo za mti wa wenge, mti wa misitu ya Kongo, Kameruni na Gaboni. Jina ni lilelile la Wenge Musica. Kumbe mti unatoka kwetu, unapata karatasi za kusafiri haraka kuliko sisi, halafu unarudi kwenye simu zetu kwa bei ambayo hatuwezi.

Basi, tuliamua hivi. Mtaji wa mama umerudi kwa mama, siku hiyohiyo. Hakuna kumtumia arabuni mtu ambaye hatujamwona. Besi ya zamani haiuzwi. Kila siku ya mazoezi kila mmoja anaweka shilingi 2,000, na tutatafuta ya nyuzi tano, ya mtumba, ambayo tutaishika na kuijaribu kabla ya kulipa. Katika daftari tumeandika kwamba besi ni ya grupu, si ya mwenyekiti wala ya mchungaji. Atakayepata safari ya kwenda nje anaiacha kwa mdogo wake wa hapa, na kabla ya kuondoka lazima awe amefundisha mtu.

Mwenzetu alinuna siku mbili. Ya tatu alikuja mazoezini na nyuzi mpya alizonunua mwenyewe.

Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyepiga au aliyecheza muziki hapa Kampala miaka ile, mkae naye, mmuulize, mtuandikie. Wazee wanaondoka, na haya mambo hayako kwenye vitabu vya shule.

Ni sisi, vijana wenu wa mazoezi ya Jumapili.