Bei ya Wiski Kwenye Ghuba ya Speke

Kisorya iko ukingoni mwa Ghuba ya Speke, wilayani Bunda, mkoani Mara. Barabara itokayo Bunda kupitia Bulamba na Kibara inakomea hapo, na magari hungoja kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Bidhaa ya kigeni inayofika Kisorya imepita bandari ya pwani, reli au lori, ghala la mjini, na mara nyingi mtumbwi. Wiski ya Scotland ni mojawapo. Mtengenezaji wake hajawahi kuwa na kauli kubwa juu ya bei yake katika ukanda huu. Bei hiyo imepangwa na sheria za nani aruhusiwe kunywa, njia iliyopitishwa mzigo, na serikali iliyokaa forodhani.

Kabla ya wiski, pombe ya ziwani haikuwa na bei ya fedha. Wajita, Wakerewe na Wakara walipika pombe ya ulezi, mtama au ndizi, ikanywewa kwenye kazi za ushirika, harusi na matanga. Yenyewe ilikuwa malipo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, anasimulia mkwe anayetozwa mitungi sita ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mke wake. Ni kipimo cha thamani ambacho kila msomaji wa visiwani alikielewa: mitungi sita ni shamba la migomba, ni siku za kazi, ni watu wa kusaidia kukamua. Pombe hizo zilikuwa za kuchachua tu. Za kukenekwa, yaani pombe kali, zililetwa na wageni.

Wageni hao walifika wakiwa tayari na mkataba. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliohusu hasa biashara ya watumwa na silaha, lakini ukagusa pia pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Pale ambapo pombe kali haikuwa imezoeleka, ilipaswa kuzuiwa. Pale ilipokwisha kuingia, ilitozwa ushuru wa angalau faranga 15 kwa hektolita ya pombe yenye nguvu ya nyuzi 50. Kiwango hicho kilipandishwa hadi faranga 70 mwaka 1899, na 100 mwaka 1906. Hivyo chupa ya wiski ilipoanza safari ya kuja Ziwa Victoria, ushuru ulikuwa umeitangulia.

Safari yenyewe ilirahisishwa na reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Meli za ziwani, kama Winifred, Sybil na Clement Hill, zilichukua mizigo kutoka hapo hadi Bukoba, Mwanza na bandari nyingine. Ingawa Mara ilikuwa chini ya Wajerumani, njia fupi ya bidhaa zake ilipita katika koloni la Waingereza. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu, na kabla ya hapo chupa iliyonunuliwa kusini mwa ziwa ilikuwa imebeba gharama za Mombasa na Kisumu pamoja na za meli.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919 ulikaza zaidi. Ulipiga marufuku pombe kali za kibiashara, yaani zile za rahisi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Waafrika, na ukaziachia serikali za makoloni kuamua ni pombe zipi zinaingia katika kundi hilo. Zilizobaki zilipaswa kutozwa angalau faranga 800 kwa hektolita ya alkoholi tupu. Chupa ya kawaida ya wakati huo, yenye nguvu ya asilimia 40, ina takriban sehemu tatu za kumi za lita ya alkoholi tupu, kwa hiyo ushuru wake wa chini ulikuwa karibu faranga mbili na nusu. Pombe ya bei rahisi ilifungiwa mlango kwa urahisi wake, na wiski yenye jina ikapita kwa sababu ilikuwa ghali. Hata hivyo haikupita kwa kila mtu. Tanganyika chini ya Waingereza ilimzuia Mwafrika kununua pombe kali, na wiski ikabaki ya Wazungu na wachache walioruhusiwa.

Wanunuzi wake katika Mara walikuwa watu walioishi mbali na kwao: maofisa wa boma la Musoma, wachimbaji wa dhahabu wa Kiabakari na Buhemba katika miaka ya 1930, wafanyabiashara na wapita njia. Wamisionari wengi hawakuwamo. Wasabato waliokuwa wametangulia Majita na Wamennonite waliofungua kituo cha Shirati mwaka 1934 walifundisha kuacha pombe kabisa, na mafundisho hayo yameacha alama katika familia nyingi za mwambao hadi leo.

Ofisa wa Musoma aliyetaka kulinganisha bei na ya nyumbani alikuwa na kazi nyepesi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1920, shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa na pauni kwa kiwango cha shilingi 20 kwa pauni moja, sawa na shilingi ya Uingereza. Tofauti ilikuwa kwenye vichele: huku shilingi iligawanywa kwa senti 100, kule kwa peni 12. Chupa ya wiski mashuhuri iliyouzwa Uingereza kwa shilingi 12 na peni 6 katika miaka ya kati ya vita mbili ilikuwa, kwa hesabu ya huku, shilingi 12 na senti 50.

Ndani ya bei hiyo ya Uingereza kulikuwa na jambo ambalo mnunuzi wa kawaida hakuliona. Mwaka 1920 ushuru wa Uingereza ulipandishwa hadi shilingi 72 na peni 6 kwa galoni ya kipimo cha nguvu kilichotumika na watoza ushuru. Chupa moja ilikuwa sehemu ya sita ya galoni, na nguvu yake ilikuwa asilimia 70 ya kipimo hicho. Ukizidisha, unapata takriban shilingi 8 na senti 46. Zaidi ya theluthi mbili za bei ya chupa dukani London au Glasgow ilikuwa kodi. Mtengenezaji, muuza jumla na mwenye duka waligawana shilingi nne na ushei.

Wiski iliyosafirishwa nje haikulipa kodi hiyo. Ilitoka kwenye maghala yaliyofungwa na forodha moja kwa moja hadi melini. Ndiyo maana lilikuwa kosa kudhani kwamba chupa ni ghali zaidi kadiri inavyokwenda mbali. Nauli ya baharini, reli na meli ya ziwani ilikuwa kitu kidogo ikilinganishwa na kodi iliyosamehewa. Bei ya Musoma ilitegemea kiasi ambacho serikali ya Tanganyika ilijirudishia kwa ushuru wake, na faida ya mwenye duka. Mnunuzi mwerevu alilinganisha kodi na kodi.

Vita Kuu ya Pili ilivuruga hesabu hiyo. Uingereza ilipunguza nafaka za kukeneka, na wiski iliyokuwapo ikapelekwa Marekani kutafuta dola. Kufikia mwaka 1948 chupa ya shilingi 12 na peni 6 ilikuwa imepanda hadi shilingi 33 na peni 4 nchini Uingereza, na haikuwa rahisi kuipata.

Mwaka uliofuata, 1949, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alisoma hadi mwaka 1952. Huko Scotland, Mtanganyika aliweza kuingia duka lolote la pombe na kununua chupa kama mtu mwingine. Nyumbani kwao, umbali mfupi kutoka boma la Musoma, sheria ilimnyima mwenzake haki hiyo hiyo kwa sababu ya rangi ya ngozi. Hakuna mfano unaoonyesha wazi zaidi kwamba katazo la pombe kali halikuwa suala la afya peke yake. Katazo hilo lilianza kulegezwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, uhuru ulipokuwa ukikaribia.

Marufuku hayakuwa yameacha pengo tupu. Ufundi wa kukeneka, unaohusishwa sana na askari wa Kisudani waliokuja na majeshi ya kikoloni, ulikuwa umeenea kuzunguka ziwa. Nchini Uganda pombe yake iliitwa waragi au enguli, Kenya chang'aa, Tanganyika gongo au moshi. Vyombo vyake ni vya nyumbani: pipa au chungu cha kuchemshia pombe iliyochachuka, mfuniko uliozibwa kwa udongo au unga, mrija wa kupitishia mvuke, na maji ya kupoza. Ziwa lina maji tele, vichaka vya kujificha, na mitumbwi ya kusafirishia. Bei ya gongo ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya wiski kwa kuwa halikutozwa ushuru, lakini mnywaji alilipa kwa njia nyingine, kuanzia faini na kifungo hadi sumu ya pombe iliyokenekwa vibaya.

Serikali huru zilijaribu kuuingiza ufundi huo katika sheria. Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli mwaka 1965, ikataka wakenekaji wapewe leseni na mazao yao yasafishwe kiwandani. Tanzania ilifuata mwaka 1966 kwa sheria ya utengenezaji wa moshi. Jibu la Tanzania lililodumu lilikuwa Konyagi, pombe kali ya asilimia 35 iliyotengenezwa Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza mnunuzi wa mwambao alipata pombe kali halali ambayo bei yake haikutegemea meli ya ng'ambo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka uagizaji wa bidhaa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, na baadaye kazi ya usambazaji ikaenda kwa kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1973 ikaja sheria ya kudhibiti bei. Fedha za kigeni zilipoadimika, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni, sukari na khanga ziliadimika pia, na wiski haikuwa na nafasi katika orodha ya mahitaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa Mara, mkoa unaopakana na Kenya nchi kavu na majini, kipindi hicho kilikuwa cha magendo. Bidhaa ilikuwa na bei mbili, ya serikali na ya ulanguzi, na ya pili ndiyo iliyopatikana. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwatia hofu walanguzi, lakini mwaka uliofuata serikali iliruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe. Shilingi iliposhushwa mwaka 1986, kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola, kila chupa ya nje ikapanda bei hata kama kule ilikotoka haikuongezwa hata senti.

Fedha zilirudi mwambaoni kwa njia ya sangara. Viwanda vya minofu vya Mwanza na Musoma vya miaka ya 1990 vilimpa mvuvi fedha taslimu kila siku, na soko la pombe kali likakua. Lililonufaika zaidi ni soko la viroba, vipakiti vidogo vya plastiki ambavyo mtu mwenye fedha kidogo, na hata mtoto wa shule, aliweza kuvinunua. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa ulikuja baada ya vijana wengi kuharibika.

Kuhusu wiski, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 uliweka ushuru mmoja wa nje, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na kundi jipya la asilimia 35 likaongezwa Julai 2022, likijumuisha vinywaji na pombe kali. Juu ya hapo kila nchi hutoza ushuru wake wa bidhaa kwa lita, kisha VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na hukokotolewa juu ya jumla ya vyote vilivyotangulia. Kodi inatozwa juu ya kodi. Ushuru wa lita ni uleule kwa wiski ya bei ya chini na ile ya miaka 18, kwa hiyo huielemea zaidi chupa ya kawaida. Na kwa kuwa ushuru huo hutofautiana kati ya nchi na nchi, bei za Kenya, Uganda na Tanzania haziwi sawa, na magendo ya ziwani hayajaisha. Msafiri mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anaruhusiwa kuingia na lita moja ya pombe kali bila ushuru.

Anayelinganisha bei kati ya nchi lazima aanze na ujazo. Ulaya chupa ya kawaida ni sentilita 70, Afrika Mashariki nyingi ni 75, na kwenye maduka ya viwanja vya ndege ni lita moja. Kwa mfano wa hesabu tu, chupa ya sentilita 70 kwa shilingi 58,000 ni takriban shilingi 829 kwa sentilita, na ile ya 75 kwa shilingi 60,000 ni 800. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Scotland nayo si tena mahali pa kutafuta wiski ya bei ya kutupa: tangu Mei 2018 sheria imeweka bei ya chini kwa kila kipimo cha alkoholi, na baada ya kuongezwa hadi peni 65 mwezi Septemba 2024, chupa ya sentilita 70 yenye asilimia 40 haiwezi kuuzwa chini ya pauni 18.20.

Tangu Januari 2019 pombe kali inayouzwa kihalali Tanzania hubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki. Chupa isiyo na stempu, hata ikiwa na jina kubwa na bei ya kuvutia, haina ushahidi wa ilikotoka wala wa kilichomo ndani, na mnunuzi anapaswa kuiacha.