Saa Hewa

Wengi wetu hapa Washington na vitongoji vya Maryland na Virginia tulianza maisha kwa kutunza wagonjwa majumbani. Kazi hiyo mara nyingi hulipwa na Medicaid, bima ya umma iliyozaliwa mwaka 1965 pamoja na Medicare.

Sheria inayoilinda ni kongwe zaidi. Mwaka 1863 Rais Lincoln aliitia saini kuwabana wafanyabiashara walioliuzia jeshi bidhaa mbovu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Iliongezwa makali mwaka 1986, na humpa anayefichua wizi sehemu ya fedha zinazorudishwa.

Februari 2014 msako ulifika kwetu. Zaidi ya watu 20 walishtakiwa: mawakala waliwalipa watu wajifanye hoi, watunzaji wakasaini saa hewa. Malipo ya jiji kwa huduma hiyo yalikuwa yamepanda kutoka takriban dola milioni 40 mwaka 2006 hadi milioni 280 mwaka 2013. Jiji liliposimamisha malipo kwa mashirika kadhaa, wagonjwa wa kweli na watunzaji waaminifu nao waliumia.

Mchuma janga hula na wa kwao. Tusisaini saa ambayo hatukuifanyia kazi.