Jinsi ya kumwachisha mbwa wa machungani tabia ya kukimbiza magari

MBWA wa machungani ni mali ya mfugaji. Hulala kando ya zizi, hubweka fisi anapokaribia na hufuatana na mchungaji kutwa nzima. Hata hivyo, mbwa huyo huyo anapozoea kukimbiza magari na pikipiki, huweza kufa chini ya magurudumu au kumwangusha mwendesha bodaboda na abiria wake, na mfugaji akajikuta amepoteza mlinzi na kupata kesi kwa siku moja.

Suala hilo linazihusu sehemu kama Kurui, moja ya kata za Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani. Kwa miaka mingi ukanda huo ulijulikana zaidi kwa kilimo kuliko ng'ombe, sababu mojawapo ikiwa mbung'o. Hali ilibadilika hasa baada ya mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa katika Bonde la Usangu, mkoani Mbeya, na wengi wao kuelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mifugo ilipokuja, mbwa nao walikuja. Mbwa aliyekulia mbugani, ambako gari ni nadra, anapohamia kandokando ya barabara hukutana na kitu asichokijua.

Kwa nini hukimbiza

Kukimbiza ni sehemu ya urithi wa mbwa. Mnyama wa jamii ya mbwa anapowinda hupita hatua zinazofuatana: hukazia macho, hunyatia, hukimbiza, huuma na kuua. Katika mbwa waliochaguliwa kizazi hadi kizazi kwa ajili ya kuswaga kondoo, hatua za mwanzo ziliimarishwa na za mwisho zikadhoofishwa. Mfano maarufu ni Border Collie, aina iliyoendelezwa katika mpaka wa Uingereza na Uskoti, ambayo wengi wa ukoo wake hurejea kwa dume aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893.

Mbwa wa kienyeji wa Tanzania hakuchaguliwa kwa namna hiyo. Kazi yake kubwa ni kulinda na kutoa tahadhari, lakini chombo kinachopita kwa kasi na kishindo humwamsha vilevile.

Tabia hiyo hujilipa yenyewe. Mbwa hubweka na kukimbia, gari nalo linatoweka. Dereva alikuwa na safari yake, lakini mbwa huhesabu kwamba amelifukuza. Kila gari linalopita humpa ushindi mpya, na kila ushindi hukaza mazoea.

Kwa sababu hiyo kipigo hakifai. Mbwa anayechapwa baada ya kurudi huunganisha maumivu na kule kurudi kwa bwana wake, si na gari, na siku nyingine hukataa kuitika. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili. Kumfunga gogo shingoni au kumgonga kwa makusudi ili "ajifunze" kunaweza kumuumiza au kumuua.

Hatua za mafunzo

Hatua ya kwanza ni kuzuia ushindi. Katika kipindi chote cha mafunzo mbwa asipate nafasi hata moja ya kukimbiza gari. Afungwe kamba au awe ndani ya ua magari yanapopita kwa wingi, na ng'ombe wanapovuka barabara ashikwe na mtu mzima badala ya kuachiwa mtoto.

Hatua ya pili ni kumfundisha amri mbili mbali na barabara: "Njoo" na "Lala". Mazoezi yafanyike nyumbani, dakika tano au kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Kila anapotii apewe mara moja kitu anachokipenda, kama dagaa au kipande cha nyama. Mfugaji asiyependa mdomo wa mbwa umguse mkono anaweza kukirusha chakula hicho chini, karibu na miguu yake. Mbwa atajifunza vilevile kwamba faida iko kwa bwana wake. Watu wote wa nyumbani watumie neno lile lile.

Hatua ya tatu ni kumzoesha magari kwa umbali. Mbwa afungwe mkanda wa shingoni wenye kamba imara ya mita tano hadi kumi, akae pale anapoweza kuliona gari bila kukakamaa. Gari linapotokea, aitwe kabla hajaanza kulikazia macho, kisha atuzwe. Umbali upunguzwe kidogo kidogo, kwa siku na majuma. Akianza kuvuta kamba na kubweka, ni dalili kwamba amesogezwa haraka mno, arudishwe nyuma.

Hatua ya nne ni kumpa kazi badala ya ile aliyokatazwa. Mbwa aliyezoea kulala chini au kurudi kisigino kwa mchungaji kila anaposikia mngurumo hawezi wakati huohuo kuwa anakimbiza. Kamba iondolewe tu pale anapotii bila kusita, tena mbali na barabara kwanza.

Kasi ya gari ndiyo sababu ya kutofanya pupa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde moja. Mchungaji anayesita kumwita mbwa wake kwa sekunde mbili amekwisha kuchelewa.

Chanjo na tahadhari

Mbwa anayefukuza pikipiki anaweza pia kuuma miguu ya watu, hivyo chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kwa usalama wa wote. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja dalili, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Mbwa aliyekuwa mpole akibadilika ghafla na kuvamia kila kitu, asifundishwe. Aripotiwe kwa ofisa mifugo.

Kwa mbwa mchanga kazi ni rahisi zaidi: azoeshwe magari kwa utulivu kabla hajaonja mbio za kwanza. Mbwa mkubwa huhitaji muda, na wapo wasioaminika kabisa karibu na barabara. Kwa hao, ua na kamba hubaki kuwa kinga ya kudumu, nayo ni nafuu kuliko kufiwa na mlinzi wa zizi au kumzika jirani aliyeanguka kwenye pikipiki.